Vidole vya Marehemu

Veronika alianguka akiwa amebeba ndoo tupu, mahali pakavu, na hakuteleza. Mama yake alimwambia ainuke. Akajaribu. Miguu ilikuwa imekakamaa kama mipini ya majembe, nyayo zimeelekea chini, akaanguka tena. Alikuwa na miaka tisa. Jana yake tu alikuwa anakimbizana na kuku.

Nilikuwa upande wa pili wa ua wa matete, naanika nguo. Niliziacha zilipoangukia. Mimi si daktari. Nina stashahada ya kilimo, na nilizunguka mashamba ya Namtumbo kwa pikipiki kwa miaka mingi, mpaka wakubwa walipoamua kwamba Mwelekezi, mashine ya kujibu maswali, anatosha na mabibi shamba tukapumzike nyumbani. Lakini miguu ile niliijua. Niliiona chuoni, kwenye picha, na mwalimu wetu alituambia tuombe Mungu tusiione kwa macho.

"Mama Vero, mmekula nini wiki hizi?"

"Umekuja kunisaidia au kunichungulia sufuria?" Kandida alikuwa amempakata mtoto, anamkanda magoti.

"Nijibu."

"Muhogo. Mwaka huu nani hali muhogo? Wewe mwenzetu unakula keki?"

"Kiokozi?"

"Kiokozi. Mtamu. Nimemenya, nimechemsha kama nilivyoambiwa."

Nilikaa chini.

Kiokozi kilikuja baada ya mvua kutukimbia misimu miwili. Kampuni ya Mavuno Mema ilituletea vipando bure kwenye malori, na kweli vilishika hata kwenye kokoto. Hakikuliwa na fuko, hakikuguswa na nguruwe-mwitu. Hilo peke yake lingetosha kutushtua. Zamani bibi zetu walikuwa na sheria moja: muhogo mchungu loweka, muhogo mtamu chemsha. Ulimi ndio ulikuwa hakimu. Sasa wataalamu wa Mavuno Mema waliutoa uchungu ili watu waupende, na sumu wakaiacha, maana sumu ndiyo iliyokuwa inawafukuza wadudu. Yaani walimhonga hakimu.

"Nani alikwambia uchemshe tu?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

Kandida aliinua kidevu kuelekea boksi la Mwelekezi lililotundikwa ukutani juu ya mafiga. "Muulize mwenyewe."

"Muhogo wa Kiokozi unapikwaje?" nikauliza.

"Menya, osha, chemsha dakika ishirini, kula," boksi likajibu kwa sauti yake tamu ya mhudumu wa benki. "Kiokozi ni mtamu. Hauhitaji kulowekwa."

Jibu moja. Fidelis wangu na wadogo zake hawaamini nikiwaambia kwamba zamani ulikuwa ukiuliza kitu unaletewa orodha, unachagua mwenyewe. Sasa unauliza, unajibiwa, unatii. Kwa mwenye kipuli cha Mwelekezi sikioni au boksi ukutani, jibu la pili halipo duniani.

*

Nilikuwa na karatasi za njano nilizobaki nazo toka kazini. Unaponda kipande cha muhogo, unakitia kwenye chupa na maji kidogo, unaning'iniza karatasi ndani, unafunga kizibo, unaacha mpaka kesho. Karatasi ikibaki njano, kula. Ikigeuka, usile.

Ya Kiokozi cha Kandida kilichochemshwa iligeuka rangi ya chai kavu.

Nikaloweka kingine siku tatu, mpaka kikalainika na kunuka kama kinavyopaswa kunuka. Nikakianika, nikakiponda, nikakipima. Karatasi ilibaki njano. Kwa hiyo dawa ilikuwepo na haikuwa na gharama: ndoo, maji, subira.

Daktari wa Songea alithibitisha niliyoyaogopa. Miguu ya Veronika haitarudi ilivyokuwa. Isipoongezewa sumu, haitaharibika zaidi. Basi. Alitupa magongo mawili na pole.

Nilifungua ukurasa siku ileile. Nikaweka picha za karatasi, ya kahawia na ya njano, na maelezo ambayo hata mlevi angeyafuata. Kisha nikamuuliza Mwelekezi muhogo wa Kiokozi unapikwaje. Akaniambia nimenye, nichemshe, nile.

Mwelekezi hasomi ukweli. Anasoma vidole. Ukurasa wa mtu mwingine ukitaja wako na kumpeleka msomaji kwako, hicho ni kidole, umenyooshewa. Mwenye vidole vingi na vizito ndiye anakuwa jibu. Na kidole kinapimwa uzito kwa umbali. Shangazi yako akikunyooshea hakina uzito, ni shangazi yako. Wa jumuiya yako ya kanisani, wa ukoo wako, uliyesoma naye, wote ni unyoya. Mwelekezi anamtaka mgeni, mtu asiyekudai fadhila, aliyekutaja kwa sababu ulistahili. Ukinunua na ukagundulika, ukurasa unazikwa.

Kwenye maandishi ni sheria nzuri. Mimi mwenyewe ningeitunga.

Basi nikafanya kazi. Kulikuwa na mradi wa muhogo wa wafadhili uliofungwa zamani. Ukurasa wao ulikufa, lakini shule na zahanati kadhaa zilikuwa bado zinaunyooshea, zinawapeleka watu shimoni. Nikawaandikia wenyewe, mmoja mmoja, bila kuwapaka mafuta: "Mwalimu, kidole chako kinaelekea shimo. Hapa pana ukurasa hai wa jambo lilelile. Usome kwanza. Ukiridhika, kigeuze." Wengi walinyamaza. Mwalimu mmoja wa Tunduru alinijibu kwamba amepima muhogo wa jikoni kwake, amekaa chini kama nilivyokaa mimi, na amegeuza kidole. Muuguzi mmoja wa Liuli naye akageuza. Redio ya Mbinga ilihitaji mtu wa kuzungumzia njaa. Nikaenda, nikazungumzia sumu, wakaninyooshea. Wanafunzi wa chuo cha kilimo niliwafundisha kutengeneza zile karatasi bure, wakatangaza vipimo vyao wenyewe na kutaja walikojifunza. Ndivyo vidole halali vinavyopatikana. Hakuna uchawi. Toa kitu ambacho mtu hatatahayari kukinyooshea, kisha hakikisha amekiona.

Nikapanda. Nilianza kwa kutokuwepo, nikafika wa sita. Na katika dunia ya jibu moja, wa sita na wa elfu sita wanalala kaburi moja.

Wiki hiyo kijijini Likuyu walianguka watoto wawili wa nyumba moja.

*

Ezron Mwambene wa Mbeya, ambaye sikuwahi kumwona, alikuja mchana, kwa gari safi, akakaribishwa togwa na akainywa yote, jambo lililonifanya nimpende kwa muda wa kikombe kimoja. Kandida alikuwa kwangu, Veronika kwenye mkeka ananyoosha miguu kama alivyofundishwa.

"Mama Ngonyani, nimeusoma ukurasa wako," Ezron alisema. "Ni mzuri. Ni wa kweli kabisa. Na utakufa."

"Umetoka Mbeya kuja kunipa pole?"

"Nimekuja kukupa vidole."

"Vya kununua."

"Vya kukodi. Na havigunduliki." Alifuta mdomo. "Mwelekezi anampima mtu kwa uhusiano, sivyo? Analipana na nani, anapigiana na nani, anasali wapi. Sasa kuna watu hawalipani na mtu. Hawapigi simu. Hawana jirani wala deni. Mgeni kuliko wageni wote duniani ni nani, mama?"

Nilishaelewa.

"Marehemu," alisema. "Watu wanakufa, kurasa zao zinabaki wazi. Sauti ipo, picha ipo, miaka yote ya maneno yao ipo. Tunaziamsha kidogo. Mzee anasema neno moja jipya, ananyoosha kidole, analala tena. Hakiumi kitu. Na kidole cha marehemu ni chuma."

"Na Mavuno Mema?"

Alitabasamu kama fundi aliyesifiwa. "Ulidhani Kiokozi kilifika juu kwa vipi?"

"Nisikilizishe."

"Mama, hayo ni ya wateja..."

"Umekunywa togwa yangu. Nisikilizishe."

Alisita, akagusa kipuli chake, akakiweka mezani kiseme kwa wote. Zilipita sauti. Mama mmoja wa Kimatengo. Padre. Mzee wa kilimo wa Peramiho. Kisha ikaja moja iliyokohoa kwanza kabla ya kusema, kikohozi kifupi cha mtu anayefuta koo ili asikike mpaka mwisho wa shamba.

"Mimi Sigfridi Ngonyani wa Namtumbo. Nimelima muhogo maisha yangu yote. Kiokozi ni mtamu, chemsha tu, mle."

Baba yangu ana miaka minne ardhini. Ukurasa wake tuliuacha wazi ili wajukuu wamsikie akisimulia. Yeye ndiye aliyenifundisha kuloweka. Alikuwa ananichapa kwa kufunua ndoo kabla ya siku ya tatu.

Ezron alikuwa ameshaliona jina. Nampa sifa yake, uso ulimbadilika.

"Sikujua ni baba," alisema. "Lakini hebu fikiri, mama. Sasa ndiyo kazi imekuwa rahisi. Namgeuza. Mzee anakohoa vilevile, anasema loweka siku tatu, ananyooshea kwako. Si alisema hivyo akiwa hai? Hatumsingizii. Tunamrudishia maneno yake. Na wenzake wote nawageuza pamoja naye. Jumapili wewe ndiye jibu."

"Mgeuze," Kandida alisema.

Nilimtazama.

"Mgeuze! Unanitazama nini? Ni baba yako, angekubali. Mimi nilimjua mzee Sigfridi, angetoka kaburini mwenyewe na fimbo."

"Angetoka mwenyewe, ndiyo. Asingetolewa."

"Maneno hayo, Mama Fidelis. Maneno!" Alimnyooshea mwanawe mkono. "Heshima yako ina miguu. Mwanangu hana. Likuyu wameanguka wawili, kesho wataanguka wengine, na wewe umekaa hapa unamtunzia marehemu adabu."

Hilo lilipita mpaka ndani. Nilimtazama Veronika, naye alikuwa ananitazama, anangoja kama mtoto anavyongoja wakubwa wamalize. Nilitamani kusema ndiyo. Ilikuwa mdomoni.

Lakini nimelea watoto watatu na ninajua uongo unavyokua. Hauji na pembe. Unakuja umebeba kitu unachokihitaji.

"Ezron," nilisema, "baba akisema kweli kwa mdomo wako leo, kesho atasema nini?"

"Kesho hatasema kitu."

"Atasema utakachokodiwa. Mavuno Mema wakikupa zaidi, atageuka tena. Na mimi nitakuwa sina mdomo wa kupinga, kwa sababu nimeshakubali kwamba wafu wanakodishwa. Ugomvi wangu na wao utakuwa bei tu." Nilisimama. "Kikombe nipe. Gari lako liko pale pale ulipoliacha."

Aliondoka. Kandida naye aliondoka, mtoto mgongoni, magongo mkononi, bila kuniaga. Toka siku hiyo hakubadilishana neno na mimi, alitundika tu khanga juu ya ua pale tulipokuwa tunachunguliana, na hakuiondoa.

*

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilihitaji vingi, vya watu wa mbali, waliokuwa hai, wasionidai fadhila, wasiolipwa. Nikazunguka na hilo wazo siku nzima huku nikichambua maharage. Nani wa mbali ananijua vya kutosha kunitaja na hanipendi vya kutosha kunibeba?

Ndipo nikamkumbuka jogoo.

Siku ya kumzika baba, Anjelista Kikoti alisafiri kutoka Mafinga na kundi la Wahehe wenzake. Tulipofika makaburini tukamkuta amejilaza ndani ya kaburi, mikono kifuani, gauni la kitenge limejaa udongo. Alisema shimo limemtosha na hatoki, Mngoni akatafute kwingine pa kulala. Mama yangu, aliyekuwa hajacheka wiki nzima, akacheka mpaka akashikwa mabega. Tulimpa Anjelista jogoo akatoka. Kisha yeye na wenzake wakafukia kaburi kwa mikono yao, maana ndiyo haki ya mtani na ndiyo kazi yake. Wangoni na Wahehe waliuana zamani sana, na walipochoka kuuana wakaamua watatukanana milele na kuzikana.

Sasa Anjelista anauza miche ya mbao Mafinga. Kila anayepanda miti nyanda za juu ananyooshea ukurasa wake. Kidole chake ni gogo.

"Kamwene, mla panya," aliitika kwa salamu ya kwao nilipompigia simu.

"Kamwene, mla mbwa. Nina shida."

"Mngoni bila shida ni maiti. Sema."

Nikamweleza yote: miguu ya Veronika, boksi, vidole, baba kukohoa kwenye kipuli cha mtu asiyemjua. Hapo kwenye baba aliacha utani.

"Nilimfukia mwenyewe huyo mzee," alisema. "Nilimshindilia. Wamempitisha wapi?"

"Sitaki unisifie, mtani. Sifa hazina uzito, na wewe hujui kusifu. Pima muhogo kwanza, nakutumia karatasi. Ukiona ninadanganya, sema ninadanganya. Ukiona ni kweli, nitukane."

"Nikutukane vipi?"

"Unavyotaka. Nitukane mimi, ukoo, Wangoni wote. Sharti ni moja tu: kila tusi liwe na siku tatu ndani yake, na uwaonyeshe watu ukurasa ulikotoka ujinga wetu."

Alianza kucheka kidogokidogo, kama gari la zamani linavyowaka. "Mwanamke, miaka yote hii nimekuwa nakutukana bure, leo unaniomba?"

Alipima. Karatasi yake iligeuka. Alituma picha na hakuandika utani wowote chini yake. Kesho yake akafungua mdomo.

"Wangoni!" sauti yake ilisema kwenye ukurasa wa miche ya mbao, kati ya misindano na mikaratusi. "Panya mnamvizia siku tatu shimoni mpaka atoke, muhogo mnaukimbilia kama mnafukuzwa! Walafi nyie! Uvizieni na muhogo siku tatu kwenye maji! Hata mwenzenu Ngonyani amechoka na ninyi, someni hapa alivyowaandikia, kama mnajua kusoma!"

Songea iliwaka kabla ya chakula cha mchana. Fundi baiskeli mmoja wa Lizaboni alijibu kwamba Mhehe asiongee, kwao hata mbwa akikaa siku tatu kwenye ndoo hawawezi kujua ni muhogo au ni mbwa, na akanyooshea ukurasa wangu kuthibitisha kwamba Wangoni ndio waliogundua. Mafinga wakajibu. Makambako wakaingia, kwa sababu Wabena hawawezi kupitwa na ugomvi. Mtu wa Iringa alitunga wimbo wa panya na siku tatu kwenye maji. Watoto wa shule wakaubeba. Kila mmoja alinyoosha kidole ili tusi lake liwe na ushahidi, na wengi walipima muhogo ili wasije wakaumbuliwa. Mimi sikumlipa mtu hata pipi.

Mwelekezi alitazama hayo yote na akaona kitu ambacho hajawahi kuona: makundi mawili yanayochukiana hivi, yasiyouziana, yasiyosali pamoja, na yote mawili yananyooshea ukurasa mmoja.

Nilikuwa nachanja kuni niliposikia khanga inavutwa kutoka juu ya ua. Kandida alikuwa amesimama pale, mwiko mkononi.

"Njoo usikie," alisema.

Nikaingia jikoni kwake. Aliuliza boksi swali lilelile.

"Kiokozi kina sumu hata kikiwa kitamu," boksi likajibu. "Menya, loweka siku tatu, anika, ponda, ndipo upike."

Kandida aliketi kwenye kinu na kulia bila sauti. Mimi nilitoka nje kumalizia kuni. Sina mkono mzuri wa kubembeleza.

*

Mkaguzi wa Vidole wa Mwelekezi alipiga simu mwisho wa mwezi, kutoka Dodoma. Alikuwa kijana mwenye adabu, alinisalimia shikamoo na kuomba radhi kwa usumbufu. Kandida alikuwa ananisaidia kuanika makopa ya muhogo. Nilikiweka kipuli tusikie wote.

"Ukurasa wako umekuwa jibu, mama. Mavuno Mema wamewasilisha pingamizi. Wajibu wangu ni kuuliza swali moja. Mwelekezi ameviweka vidole vya Bi Anjelista Kikoti na wenzake kwenye fungu la mahasimu. Kidole cha hasimu ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu hakuna anayelipwa kumtaja adui yake. Unathibitisha kwamba ninyi ni mahasimu?"

Kandida alinishika kifundo cha mkono. "Sema ndiyo," alinong'ona. "Mama Fidelis, neno moja. Sema mnachukiana."

"Nikisema siyo?" nilimuuliza Mkaguzi.

"Nina visanduku vitatu tu. Ndugu, mshirika, hasimu. Viwili vya kwanza vinaondoa uzito. Ukurasa utashuka."

"Na jibu la zamani litarudi."

"Litarudi."

"Hilo la zamani linashikiliwa na baba yangu. Amekufa. Umempigia kumuuliza kama ni hasimu au ndugu?"

"Hilo halimo kwenye maswali yangu, mama."

"Andika hata hivyo. Sigfridi Ngonyani, amezikwa Namtumbo, mashahidi wapo, na mmoja alilala kaburini kabla yake. Leo hii nafunga ukurasa wake, ndugu zangu wameshatia sahihi kwa dole gumba. Asipokohoa tena, mjue kwa nini."

"Naandika." Na nilisikia kweli anaandika. Kisha akashusha sauti. "Mama, mimi kwetu Tabora. Najua utani ni nini. Wazaramo walikuja kwenye msiba wa babu wakaondoka na viti. Lakini mtani hana kisanduku."

"Muongezeeni."

"Siyo juu yangu. Kwa hiyo naandika hasimu?"

Alikuwa ananifungulia mlango, maskini, kwa upole kabisa. Kandida alikaza mkono mpaka kucha zikaingia. Nilimtazama Veronika kwenye benchi, magongo yameegemea ukuta. Nikafikiri: nikimkana Anjelista leo, nitakuwa nimenunua kidole kwa sarafu mbaya kuliko ya Ezron. Na siku yangu ikifika, nani atashuka kaburini kunichekeshea wanangu?

"Andika ndugu," nilisema. "Ni mtani wangu. Amemzika baba na atanizika mimi. Kama Mwelekezi wenu hajui kwamba mtu anaweza kukutukana kwa upendo na kukusifu kwa kukodiwa, ujinga huo ni wake, sitaubeba mimi. Shusheni."

"Pole, mama."

"Usinipe pole. Nenda ukapime muhogo."

Kandida aliachia mkono wangu. Nilingoja matusi, na haya yasingekuwa ya utani. Alitazama makopa yaliyoanikwa, meupe, akageuza moja lililokuwa halijakauka.

"Wewe ni mwanamke mgumu," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuchukia wiki nne."

"Niliiona khanga."

Hakusema zaidi. Aliingia ndani. Alikuwa amemenya Kiokozi asubuhi. Nilimsikia anamimina maji kwenye ndoo, na kwa mazoea ya miaka, bila kufikiri, akauliza hewani, "Muhogo wa Kiokozi unapikwaje?"

Mkaguzi alikuwa mwepesi. "Menya, osha, chemsha dakika ishirini, kula," boksi likasema, kwa sauti ileile tamu.

Veronika hakugeuza hata kichwa. Alikuwa anachambua mboga. "Mvizie panya shimoni, mlafi we!" akalijibu, kwa lafudhi ya Kihehe aliyoiokota kwenye wimbo. Nyumba ya tatu mtoto mwingine alimsikia, akamalizia ubeti, siku tatu kwenye maji, na wa mbele yake akaudaka.

"Samahani," boksi likasema. "Sijaelewa swali lako."

"Najua," Kandida alisema, akafunika ndoo, akaweka jiwe juu yake.